Mtu Husimama kwa Kuinama Kwanza

Nyinyi vijana mnaoingia hospitalini leo na vyeti vyenu, mimi niliingia na ufagio. Nawaambia mapema ili msije mkadhani mnasoma maneno ya daktari. Sikuvuka darasa la tano. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa mkubwa wa watoto wanne, na mkubwa wa mayatima hana shule. Ana jiko, ana shamba, na ana midomo mitatu inayomtazama kila jua likizama.

Katika miaka ya sabini nilipata kazi ya kufagia katika hospitali moja mjini Nyeri. Chumba changu kilikuwa cha mazoezi, mahali ambapo watu waliopigwa na kiharusi hufunzwa upya yale ambayo mtoto huyajua kabla hajamaliza kuota meno: kuketi, kugeuka, kumeza, kusimama. Nilitoka chumba hicho nikiwa na mvi.

Mtu akiniuliza miaka ile ilikuwaje, neno la kwanza linalonijia ni aibu. Kwetu msichana hatazami uchi wa mwanamume wa rika la baba yake. Akimkuta akioga mtoni, huzunguka hata kama njia ya kuzunguka ina miiba. Mimi nililipwa mshahara kwa kutozunguka. Nilivua, nilipangusa, niligeuza, nilivisha. Sokoni wanawake walinijua. Nikishika kabichi, mmoja wao angeuliza, "Wangui, umenawa?"

"Nimenawa."

"Na jana?"

Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikalipia kabichi hata kama sikuitaka tena.

Ndugu yangu Mwangi, niliyemlipia shule, aliwaambia wenzake kuwa dada yake ni nesi. Siku moja alikuja hospitalini na rafiki yake kumtazama mgonjwa wao, tukakutana ukumbini nikiwa nimebeba beseni la choo lililofunikwa kitambaa. Alinipita kama asiyenijua. Na mimi nikampita kama nisiyemjua. Jioni tulikula pamoja bila kulitaja. Sijui nani alimwonea mwenzake aibu zaidi.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Bwana Ndirangu, mtaalamu wa viungo, ambaye sisi wote tulimwita Fisio. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Siku moja msaidizi wake hakuja. Akaniambia, "Weka hiyo fagio chini, shika huyu mama." Nilimshika mama huyo, muuza ndizi, kwapani upande uliolegea, nikamvuta juu kama ninavyovuta gunia. Akapiga yowe ambalo ninalisikia hadi leo.

Fisio hakunigombeza. Alichukua koti lake, akaliloweka kwenye ndoo, akalitundika msumarini. "Vuta mkono wa koti," akasema. Nikavuta. Msumari ukapinda. "Mkono uliopigwa na kiharusi ni koti lililoloa. Misuli iliyokuwa ikiubeba imelala. Ukiuvuta, bega ndilo linateseka, na bega likiharibika maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi yote." Tangu hapo sijamvuta mgonjwa mkono. Mshike kiunoni, kwenye mshipi, au ufunge shuka kiunoni ushike hiyo. Akiketi, mkono mlegevu uwekewe mto chini yake. Usiuache ukining'inia.

Nilipomwuliza kiharusi ni nini hasa, alinipeleka dirishani. Chini ya hospitali kulikuwa na bonde na shamba la nduma lililonyweshwa na mfereji. "Nduma za chini kabisa zikikauka," akasema, "kuna mambo mawili. Ama mfereji umezibwa, ama ukingo umepasuka na maji yamemwagika pembeni. Kichwani ni hivyo hivyo. Mshipa wa damu ukizibwa au ukipasuka, sehemu ya ubongo inakosa damu inakufa. Ikiwa ya kushoto, mwili wa kulia ndio unalegea, na mara nyingi maneno yanapotea." Nikamwuliza kinachopasua ukingo. "Maji yanayosukuma kwa nguvu kupita kiasi miaka mingi. Hiyo ndiyo presha. Na ukingo haupigi kelele. Unaupita kila siku ukidhani ni mzima."

Sasa niwaambie habari ya Mzee Githaiga, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha sehemu ya kazi ambayo hata Fisio hakuwa ameifikiria.

Mdogo wetu wa mwisho, Wairimu, alichumbiwa na Kimani wa Mukurweini. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye kahawa na ng'ombe wa maziwa. Sisi tulikuwa wale mayatima wa mfagizi. Siku ya ruracio, yaani siku ya wazee kuzungumzia mahari, baba yake Kimani alikuja na ndugu zake. Huyo ndiye Githaiga, mtu wa kifua kipana, koti zito, kofia isiyotoka kichwani. Baba mdogo wetu ndiye aliyesema kwa niaba yetu, lakini kila mtu alijua kuwa mama wa Wairimu ni mimi. Tulichoma nyama, tukaitia chumvi kama inavyopasa siku ya wageni. Muratina, pombe yetu ya asali, ilikuwa imeiva. Githaiga alikula vizuri, akanywa vizuri, akacheka, akapanda gari la nduguye akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata alishindwa kufunga kifungo cha shati. Akasema na mkewe, maneno yakatoka yamelegea. Na hapo, wajukuu zangu, watu wa nyumba ile walifanya kosa ambalo ningelifanya hata mimi. Walicheka. Walijua alikotoka. Mtu aliyetoka ruracio akiwa na ulimi mzito na miguu isiyomtii, kwetu amepewa heshima yake kikamilifu. Walimfunika blanketi alale pombe ya wakwe imtoke. Jioni mdomo ulikuwa umeenda upande, na walipomwinua mguu wa kulia ulibaki nyuma kama si wake. Ndipo wakatafuta gari.

Siku ya tatu nilipofika kazini nikaambiwa kuna mtu mpya karibu na dirisha. Nilikwenda na beseni la maji ya moto. Nilipoona ni nani, nilisimama na beseni mkononi mpaka maji yakapoa. Yeye pia aliniona. Akageuza uso ukutani, nusu iliyoweza kugeuka.

Lazima niwaeleze jambo hili kwa sababu nyinyi mnakaa na wakwe zenu kwenye kochi moja mkitazama televisheni. Kwetu wakati ule kati ya wakwe kulikuwa na staha kali iliyofanana na hofu. Humwiti kwa jina, huli mkiangaliana, humpiti karibu mpaka nguo ziguse. Na sasa mkwe wangu alikuwa amelazwa mbele yangu na gauni la hospitali, lile lisilo na mgongo. Nilipogusa blanketi alitoa sauti kama ya ng'ombe anayezuiwa mlangoni. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukashika blanketi na kuling'ang'ania. Siku hiyo hakupanguswa, hakugeuzwa, hakuketishwa. Siku iliyofuata vilevile.

Huko nje mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nduguye Wachira, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alisimama kwenye lango la hospitali akiwaambia watu wa ukoo: "Ndugu yangu alienda kwa hao mayatima na miguu mbili. Akarudi na moja. Sasa mimi niulize nini?" Wakaanza kusema tulitia kitu kwenye pombe. Wengine wakasema hatukutia kitu, ila nyumba iliyozika baba na mama haiwezi kukosa mkosi. Ikaamuliwa kuwa wazee watarudi kumwona, na ikiwa atakuwa bado amelala kama gogo, mambo ya ndoa yaishe na mbuzi wao wa mahari warudishwe.

Wairimu alikuja kwangu jikoni na macho mekundu. "Dada," akasema, "ukimsimamisha nitaolewa. Usipomsimamisha nitabaki hapa na wewe mpaka tuzeeke wote wawili."

"Basi lazima asimame," nikamwambia. "Mimi siwezi kukaa na wewe mpaka uzee. Unakoroma."

Alicheka kidogo, akalia tena.

Fisio alipomjaribu mzee, aligundua jambo moja. Kila akimshika ili asimame, Githaiga alijitupa nyuma. Kifua juu, kidevu juu, shingo ngumu. Wengi waliopigwa na kiharusi hufanya hivyo kwa hofu ya kuanguka mbele, na ndiyo sababu huanguka nyuma. Jaribuni wenyewe kwenye viti vyenu: huwezi kusimama ukiwa umeegemea. Mtu husimama kwa kuinama kwanza. Miguu irudi nyuma chini ya magoti, kiwiliwili kije mbele, pua ivuke vidole vya miguu, ndipo makalio yenyewe yanapaa. Nimewafundisha watu wengi hivyo, na wote hushangaa kama kwamba nimewafunulia siri, ilhali wamekuwa wakifanya hivyo maisha yao yote.

Lakini Fisio alikuwa mmoja kwa hospitali nzima. Mazoezi ya kiharusi hayataki bingwa wa mara moja. Yanataka mtu wa kurudia asubuhi, mchana na jioni. Huyo alipaswa kuwa mimi. Na Githaiga asingeinama mbele yangu hata angeoza kitandani. Ngozi ya mgongo ilikuwa tayari imeanza kuwa nyekundu.

Ni mkewe aliyefungua njia bila kujua. Mama Kimani alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye mikono iliyokomazwa na kahawa. Alinivuta kando akasema, "Binti, kama wewe huwezi kumwona, si uniambie mimi? Mimi nimemwona kila kitu."

Kwa hiyo tulivuta lile pazia la kijani lililozunguka kitanda. Mama Kimani akaingia ndani. Mimi nikabaki nje, nimegeukia ukuta, nikawa nafundisha kwa mdomo.

"Mama, ameketi?"

"Ameketi, lakini anaanguka kwa hii upande yake ya kufa."

"Haijafa, imelala. Keti upande huohuo, karibu kabisa, umpe bega lako. Kila ukimwendea, mwendee kutoka upande huo, asiusahau. Miguu iko wapi?"

"Iko mbele."

"Irudishe chini ya magoti. Yote miwili. Kanyaga mguu mlegevu kidogo kwa mguu wako ili usiteleze. Umemshika wapi?"

"Kwa mshipi, kama ulivyosema."

"Vizuri. Sasa mwambie ainame."

Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wameacha kukohoa ili wasikie.

"Amekataa," akasema Mama Kimani. "Hasemi, lakini mimi najua hiyo sura. Ati hawezi kuinamia mtoto."

"Mwambie simwoni. Nimetazama ukuta. Anakuinamia wewe."

"Mimi?" Akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichotoka mbali. "Tangu anioe hajawahi kuniinamia. Wacha nione leo."

Sijui alimwambia nini, kwa kuwa alimnong'oneza. Nilisikia kitanda kikilia. Nilisikia pumzi ya mtu mzito. Kisha Mama Kimani akasema kwa sauti ya mtu aliyeona ng'ombe akizaa ndama wawili, "Amesimama! Wangui, huyu mtu amesimama!" Mzee mmoja wa kitanda cha pili akapiga makofi. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu na ukuta.

Tuliendelea hivyo asubuhi na jioni. Huwezi kuamini jinsi kazi ya kufundisha bila kuona inavyokusafisha ulimi. Nikisema "pale" au "hivi", Mama Kimani aliuliza, "Pale wapi?" Ikanibidi nijue kila kiungo kwa jina lake na kila kitendo kwa mpangilio wake. Baadaye Fisio alianza kuwaita wake, waume na watoto wa wagonjwa wote wajifunze, kwa maana mgonjwa hatatuchukua sisi aende nasi nyumbani. Leo hilo ni jambo la kawaida. Wakati ule tulimtuma mtu kwake na mguu aliokuja nao na "Mungu akubariki".

Siku moja Mzee Githaiga alianguka. Mama Kimani alikuwa amechoka, mkono ukamtoka mshipini, nikasikia "Wangui!" nami nikapita pazia kabla sijafikiri. Nilimdaka kiunoni, magoti yangu yakazuia yake, tukashuka wote wawili polepole mpaka sakafuni. Gauni lilikuwa limefunguka lote. Nilivua sweta langu nikamfunika. Alilia kwa sauti, mdomo umepinda, na hakuweza kuacha. Nilijua kutoka kwa Fisio kuwa kiharusi hulegeza hata lango la machozi, kwamba mtu hulia au hucheka kuliko anavyotaka. Nilijua hivyo, na bado sikujua nitazame wapi. Nilitazama kucha zangu. Tulikaa pale sakafuni, wakwe wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake awe amekwisha kuondoka.

Jioni hiyo Mama Kimani aliniambia jambo. Alikuwa ndani ya pazia akimsugua mgongo, mimi nje, na mzee alikuwa amelala usingizi.

"Alikuwa na presha," akasema. "Dispensari walimpa tembe. Alimeza mpaka akasikia vizuri, akaacha. Ile siku ya kuja kwenu nilimwekea kwa mfuko. Akazitoa. Akasema haendi kwa wakwe akitoa mlio kama kayamba."

"Mama! Na Wachira anasema ni pombe yetu!"

"Najua anachosema."

"Kwa nini hukumwambia?"

Akaendelea kusugua. "Wewe kila siku unageukia ukuta usimwone uchi. Mimi nimvue mbele ya ukoo?"

Na mimi sikuwa na ruhusa ya kulisema. Hiyo ni sheria ya kazi hii ambayo hakuna aliyeniandikia: ya kitandani hubaki kitandani. Nilirudi nyumbani, Wairimu akaniuliza kuna nini kipya, nikamwambia mkwe anakula vizuri. Nilikuwa na neno moja tumboni ambalo lingetuondolea aibu sote wanne, na nikalala nalo.

Hapo mtanikubalia nipumzike kidogo niseme ya kuwafaa nyinyi, kwa sababu dawa zimebadilika ila watu hawajabadilika.

Mtu aliyezoea kutembea vizuri akiamka mdomo umeenda upande, au mkono mmoja haupandi akiambiwa ainue yote miwili, au maneno yanatoka yamevunjika, usingoje. Usiseme ni pombe, ni uchovu, ni baridi ya mlima, ni jirani mbaya. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na ukumbuke ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, maana wataliuliza hilo. Siku hizi kuna mashine ya kupiga picha ubongo ikaonyesha kama mshipa umezibwa au umepasuka, na kwa baadhi ya waliozibwa kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila inafaa tu kwa aliyefika mapema, ndani ya saa chache za kwanza. Wakati wa Githaiga hatukuwa na picha wala dawa hiyo. Nyinyi mnavyo, na bado mnawachelewesha wazee wenu mkiwaombea sebuleni. Ombeni mkiwa garini.

Na msimpe kitu mdomoni. Si tembe ya maumivu, kwa sababu hamjui kama ni damu iliyoganda au inayovuja. Si chai. Si uji. Wakati mmoja akina mama wa kanisa walikuja na chupa ya uji wa kuchacha, wakamnywesha mwenzao ambaye koo lilikuwa limelegea nusu. Nilipowazuia, mkubwa wao akaniuliza, "Hii hospitali yenu mnanyima mtu uji?" Uji ule ulishuka njia ya pumzi, na mama yule akaugua kifua muda mrefu kuliko mguu. Kwanza aketishwe wima, ajaribiwe kwa kijiko cha maji na mtu anayejua. Akikohoa, au sauti ikitoka kama iko chini ya maji, hapana.

Kuhusu kuzuia sina siri. Pimeni presha hata kama hamuumwi. Punguzeni chumvi, na ile ya kuongeza mezani muiache kabisa. Acheni tumbaku, ya kuvuta na ya kunusa. Pombe ipungue. Tembeeni, hata wenye pikipiki. Na mkipewa tembe, mzimeze siku mnayojisikia vizuri, kwa sababu hizo tembe ndizo zinazowafanya mjisikie vizuri.

Sasa siku ya wazee. Walikuja saa ya kutazama wagonjwa, Wachira mbele, wengine wawili nyuma yake. Pazia lilikuwa limevutwa nusu. Githaiga alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa koti lake juu ya gauni, mkewe kando. Mimi nilikuwa upande wangu, kwenye ukuta wangu.

"Ndugu yangu," Wachira akaanza, na wodi nzima ikasikia, "tumekuja kumaliza hii maneno. Hao watu walikupatia kitu. Wewe itikia kwa kichwa tu, sisi tutaenda kuchukua mbuzi zetu."

Githaiga hakuitikia. Aliinua mkono wa kushoto, akashika pazia, akalivuta mpaka likafika mwisho. Nikabaki wazi mbele ya wazee watatu, nimeshika taulo. Nilitaka kuondoka. Akanielekezea kidole: kaa.

"Tembe," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kamili nililomsikia akitamka tangu augue.

"Nini?" akauliza Wachira.

Akapigapiga mfuko wa koti. "Tembe. Mimi… toa. Mimi." Jasho lilimtiririka. Alitafuta neno jingine, likakataa, akapiga goti lake kwa hasira. Akamgeukia mkewe na kumtikisia kichwa.

Mama Kimani akasema, "Kwa kuwa amesema mwenyewe," akaeleza yote. Presha, dispensari, mfuko, kayamba. Hakuongeza, hakupunguza. Alipokuwa akieleza, Githaiga hakutazama chini. Aliwatazama wanarika wake mmoja mmoja, na wao ndio walioanza kutazama viatu. Mnadhani nilifurahi? Jina letu lilikuwa likisafishwa mbele yangu, na nilitamani pazia lirudi. Nimewaona wanaume wengi uchi katika kazi ile, lakini kama yeye siku hiyo, hapana.

Alipomaliza mkewe, Githaiga alirudisha miguu chini ya magoti. Mimi nikaona, nikafunga mdomo. Akainama mbele yangu na mbele yao wote, pua ikavuka vidole, akasimama. Alitikisika kama kitanda cha zamani, lakini alisimama, na mkewe hakuwa amemshika.

Mzee mmoja akakohoa. "Basi siku ya harusi tutaongea," akasema. "Ngoja apone kidogo." Wakatoka, kofia mikononi.

Nilikwenda kumwaga maji. Nikasikia nyayo nyuma yangu ukumbini. Alikuwa Wachira, peke yake. Alitazama huku na huku, akanisogelea, na ile sauti kubwa ilikuwa imekwisha.

"Binti," akasema. "Wewe unajua hii kazi. Mtu akiwa na hizo tembe, azikose hivi kidogo… wiki mbili, tatu… hiyo si kitu?"

"Ni wewe, baba?"

"Sikusema ni mimi."

"Umezikosa wiki tatu?"

Akafikiri. "Tangu mavuno ya kahawa," akasema.

Nilimpeleka chumba cha kupimia presha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mbele kulikuwa na foleni na angejulikana. Alishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Nesi wa zamu akamwambia avue koti na kukunja shati. Akanitazama. "Geuka," akaniambia kwa upole. Nikageuka nikatazama ukuta. Nilisikia kile kipira cha kupimia kikipulizwa, hewa ikatoka taratibu. Nesi yule alikuwa mzoefu, na hakuwa mtu wa kupima mara mbili isipokuwa pale alipokuwa hajaamini mara ya kwanza.

"Keti vizuri, mzee," akasema. "Usiongee." Akaanza kupuliza tena.